SHEHENA YA JIRANI NA MIDOMO YETU

(Maneno haya yalisemwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, mwanachama wa siku nyingi wa tawi la Mombasa, mbele ya mkutano wa wanachama. Yanapigwa chapa hapa kwa sababu matawi ya bara yameomba kuyasoma.)



Katibu amenipa dakika ishirini. Nitajaribu, ingawa sisi watu wa reli twajua kwamba saa iliyoandikwa katika ratiba ni moja, na saa ya kufika ni nyingine.

Katika mkutano uliopita ilisomwa barua ambayo Halmashauri ya tawi yataka kuituma kuhusu watu waliokamatwa na kuteswa katika nchi za jirani zetu. Barua haikufika mwisho. Ndugu mmoja aendeshaye kreni alisimama akasema, "Mimi nalisha watoto wanne kwa kontena za Uganda. Barua hii italisha wangapi?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, na mkutano ukafungwa. Mimi sikucheka. Nililiwaza swali hilo siku nyingi, kwani ni swali la mtu mwenye akili, na anayelidharau hajapata kungoja meli isiyokuja.

Basi kwanza nampa ndugu huyu haki yake. Mwaka 2024 bandari hii ilipitisha zaidi ya tani milioni 40 za mizigo, na katika ile shehena ya kupita, isiyobaki Kenya, mteja mkubwa kabisa ni Uganda. Mizigo ya Uganda ndiyo inayompa kazi kuli, karani wa forodha, dereva wa lori, fundi wa matairi pale Mariakani, na mama auzaye chai Malaba. Tena jirani huyu hakufungwa kwetu kwa kamba. Anayo njia ya Dar es Salaam, na ameshaonyesha kwamba aweza kuitumia. Mwaka 2016 Serikali ya Uganda iliamua bomba la mafuta yake lipite Tanzania mpaka Tanga, kilomita 1,443, wala lisije Lamu kama sisi tulivyotumaini. Mwaka 2023 waligombana na Serikali yetu kwa sababu ya mafuta ya petroli, kwamba yanapita mikononi mwa watu wengi na bei inapanda njiani, wakaipeleka Kenya mbele ya Korti ya Haki ya Afrika Mashariki kule Arusha. Mwaka 2024 shauri likapatana, na kampuni ya Serikali yao ikaanza kujiletea mafuta yenyewe kwa kupitia hapa hapa Mombasa.

Lakini sasa yatazameni mambo hayo mawili vizuri. Bomba lilipokwenda Tanga, ni barua gani tulikuwa tumeandika? Hakuna. Ugomvi wa petroli ulipoanza, ni mfanyakazi gani wa Mombasa aliyekuwa amemsema vibaya Rais wa Uganda? Hakuna hata mmoja. Shehena hufuata bei, na usalama wa njia, na siku ambazo lori hukaa mpakani. Haifuati adabu zetu. Mwezi wa Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wageni kufanya biashara ndogo ndogo za namna 15, pamoja na saluni na kuongoza watalii, na Wakenya wengi waliokuwa wakitafuta riziki huko wakaguswa na amri hiyo. Watu hao walikuwa kimya. Walikuwa wakinyoa watu nywele tu. Na wazee mnakumbuka mwaka 1970, Serikali ya Obote ilipowafukuza kutoka Uganda maelfu ya wafanyakazi Wakenya, wengi wao vibarua na watu wa mashamba, ambao hawakuwa na siasa yoyote ila mshahara wa mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo ndugu wa kreni aniambie: kunyamaza kwetu kumetununulia nini mpaka leo? Kama kungekuwa na risiti, ningeomba kuiona.

Wako wengine wanaosema kwamba mambo ya kura na jela za jirani hayatuhusu, kila mtu na nyumba yake. Mimi nawajibu kwa jambo lililotupata sisi wenyewe. Mwezi wa Desemba 2007 tulipiga kura hapa Kenya, na hesabu ya kura ikaleta maafa mnayoyajua. Mwezi wa Januari 2008 reli iling'olewa pale Kibera. Malori yakakwama njiani. Kampala na Kigali watu wakakosa petroli, na iliyopatikana bei yake ikaruka juu. Mgonjwa aliyekosa gari kule Uganda hakupiga kura Kenya, wala hakuwa na mtu kwenye tume yetu. Je, alikuwa na haki ya kutuuliza, "Nyinyi, mlihesabuje?" Mimi nasema alikuwa nayo. Na kama yeye alikuwa nayo juu yangu, nami ninayo juu yake. Oktoba 29, 2025 Watanzania walipopiga kura, na fujo na risasi zikaanza, kazi ilikwama Namanga, na madereva wetu walikuwa katika foleni hiyo. Reli ni moja na barabara ni moja.

Tena jambo hili liko katika maandishi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataja katika Kifungu cha 6 utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu kuwa katika misingi ya ujirani wetu. Serikali zote ziliweka sahihi. Mtu akimkumbusha jirani neno ambalo jirani mwenyewe aliliwekea sahihi, hajamtukana.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, kwa kuwa wengi hapa ni vijana na jambo hili limekwisha kujaribiwa kabla hamjazaliwa.

Amin alipoipindua Serikali ya Uganda tarehe 25 Januari 1971, jirani zake wawili walifuata njia mbili. Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua. Hakukubali kukaa naye meza moja, hata Baraza la Marais watatu wa Jumuiya ya zamani halikukutana tena. Mwaka 1975 wakuu wa Afrika walipokwenda Kampala kumfanya Amin mwenyekiti wao, Tanzania haikwenda. Nyerere alisema kweli juu ya mtu yule, na aliisema mapema, wakati wengi wakimpigia makofi. Kenya ilishika njia ya pili. Ilimtambua, ikafanya naye biashara, na gari la mizigo likaendelea kupanda kwenda Kampala. Kuhusu watu waliokuwa wakitupwa mtoni kule, Serikali yetu haikuwa na neno.

Je, kimya hicho kilitufaa? Mwezi wa Februari 1976 Amin alisema sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, baada ya Waisraeli kuwatoa watu wao Entebbe, Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda wakasakwa na wengi wakauawa. Miaka mitano tulikuwa tumemwonyesha heshima, na heshima ile haikumzuia hata siku moja.

Lakini njia ya Mwalimu nayo ilikuwa na gharama, na sipendi mtu anayeisimulia kana kwamba haikuwa nayo. Mimi niliingia kazi ya reli mwaka 1976, kijana wa karakana, mikono myeupe. Aliyenifundisha kusikiliza ekseli kwa nyundo alikuwa mtu wa Tabora. Alikuwa akiligonga gurudumu, anainamisha kichwa, anasema, "Hili lina homa." Mwaka 1977 Jumuiya ikafa. Sitaki kusema ilikufa kwa sababu ya Amin peke yake; palikuwa na ugomvi wa fedha, na wa ndege, na wa nani anafaidi zaidi, na siasa za Nairobi na za Dar es Salaam zilikuwa zimeachana. Lakini wakubwa wasiokutana hawawezi kupatana, na hawa hawakukutana kwa miaka sita. Mwezi wa Februari Tanzania ikafunga mpaka. Yule Mtabora alifunga sanduku lake la mabati, akaniachia nyundo, akaenda zake. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Sikumwona tena. Marais walikuwa na sababu zao, na nyingine zilikuwa nzuri, lakini aliyebeba sanduku alikuwa fundi wa magurudumu. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Kwa hiyo ninaposikia vijana wetu wakisema, "Tuwagomee, tusiguse kontena hata moja mpaka wawafungue watu wao," nakumbuka sanduku lile. Ukiizuia mizigo ya Uganda, hutamzuia mkubwa yeyote kunywa chai yake. Utamzuia fundi cherehani wa Kampala anayengoja nyuzi, na hospitali inayongoja dawa.

Sasa nafika mahali pagumu.

Kuna neno zuri, nalo ni "ushirikiano". Sisi watu wa vyama twalipenda. Lakini tazameni linavyotumika. Tarehe 16 Novemba 2024 Dakta Kizza Besigye, mpinzani wa miaka mingi wa Serikali ya Uganda, alikuwa mgeni hapa Nairobi. Akanyakuliwa. Baada ya siku nne akaonekana Kampala mbele ya korti ya kijeshi, yeye ambaye si askari tena kwa miaka mingi. Mahakama Kuu Kabisa ya Uganda ilisema mwezi wa Januari 2025 kwamba raia hapasi kuhukumiwa na korti za askari, na hapo nawasifu mahakimu wale kwa moyo wote. Kesi ikahamishiwa korti ya kiraia, akashitakiwa uhaini, akakaa rumande. Na sisi? Mwanzoni Serikali yetu ilisema haijui. Mwezi wa Mei 2025 Waziri wetu wa Mambo ya Nje, Bwana Musalia Mudavadi, akakubali kwamba Kenya ilishirikiana na wakubwa wa Uganda katika jambo lile. Neno ni lile lile, ndugu zangu. Ushirikiano. Na kabla yake, mwezi wa Julai 2024, wanachama 36 wa chama cha upinzani cha Uganda walikamatwa Kisumu, walikokuja kwa mafunzo, wakavushwa mpaka na kushitakiwa kwao.

Wala si mara ya kwanza. Watu wa reli lazima walijue jina la Christopher Kasanga Tumbo. Alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli wa Tanganyika, mtu wa kelele, na alipoachana na Serikali ya nchi yake alikuja kukaa hapa Mombasa. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari kule Dar es Salaam, Kenya ilimrudisha, naye akawekwa kizuizini. Mwaka huo huo vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika vilivunjwa, kikafanywa chama kimoja kwa sheria ya Bunge, na Waziri wa Kazi ndiye akawa Katibu wake Mkuu. Hebu fikirini: mnakwenda kudai mshahara, na yule mnayemdai ndiye msemaji wenu. Kenya haikukaa nyuma. Mwaka 1965 mashirikisho yetu mawili yalifutwa, ikaundwa COTU, na Rais akapewa uwezo wa kumchagua Katibu Mkuu katika majina atakayopelekewa. Uganda ikafuata mwaka 1973, chini ya Amin mwenyewe. Serikali hizi hazikupatana juu ya mambo mengi, lakini juu ya kuwashika wafanyakazi mdomo zilisoma kitabu kimoja.

Ndiyo sababu nasema jela ya jirani ni jambo la chama. Mkubwa anapozoea kumtuma mwenziwe amkamatie mtu, leo ni mwanasiasa mwenye wakili na magazeti. Kesho atakuwa katibu wa tawi aliyeitisha mgomo Tororo kisha akakimbilia kwa shemeji yake Busia.

Katika habari za Tanzania nitasema machache, kwa kuwa barua yenyewe imezieleza. Mwezi wa Mei 2025 Boniface Mwangi wa kwetu na Agather Atuhaire wa Uganda walikwenda Dar es Salaam kwa ajili ya kesi ya uhaini ya Tundu Lissu. Walikamatwa, na baada ya siku chache mmoja akatupwa upande wa mpaka wetu, mwingine upande wa Mutukula. Wote wawili walieleza kwamba waliteswa vibaya sana. Polisi wa huko hawakukubali maneno yao. Martha Karua alikuwa amerudishwa kutoka uwanja wa ndege. Kisha ule uchaguzi wa Oktoba, ambao mshindi alitangazwa kwa karibu asilimia 98 ya kura, na waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC, ambao si watu wa kusema ovyo, walisema haukutimiza kanuni. Nawajua Watanzania. Niliishi nao kambi moja ya reli. Sipendi kusikia mtu wa hapa akiwacheka, kana kwamba upole wao ni woga.

Tena tunawachekaje? Tarehe 25 Juni 2024 vijana wetu walipigwa risasi mbele ya Bunge letu. Miezi iliyofuata watu walikuwa wakichukuliwa usiku na magari yasiyo na namba. Mzee wa Kiswahili alisema nyani haoni kundule, na mtu wa Kampala au Dodoma akitusomea methali hiyo hatuna jibu. Rais wetu aliwaomba radhi Watanzania mwezi wa Mei 2025, kwamba kama tumewakosea watusamehe. Kuomba radhi ni jambo jema. Lakini mimi nilikuwa nikingoja pia sentensi ya pili, ya kuuliza habari za raia wake aliyerudi akichechemea, na katika maneno yale sikuisikia.

Sasa tufanye nini? Niwape mfano mmoja wa watu wa kazi yetu. Mwezi wa Aprili 2008 meli moja ya Kichina, An Yue Jiang, ilifika Durban na silaha za Serikali ya Zimbabwe. Zimbabwe ilikuwa imepiga kura tarehe 29 Machi, na matokeo ya urais yalikuwa yamekaliwa. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa na siasa yake ya kuzungumza na jirani kwa sauti ya chini, nayo haikuwa tayari kuizuia meli ile. Makuli wa Durban, kwa chama chao cha SATAWU, wakasema hawataipakua, na madereva wao hawatayachukua makasha yale. Watu wa dini wakaenda kortini, korti ikazuia silaha zisipite, meli ikang'oa nanga. Nawaombeni mwone walichokataa: meli moja, yenye risasi, kwa siku zile. Hawakusema kila mfuko uendao Zimbabwe utupwe baharini. Na SATAWU ni chama cha COSATU, ambayo ujumbe wake ulikwisha kufukuzwa Zimbabwe mwaka 2004 ulipokwenda kuwaona wafanyakazi wenzao, na mwaka 2005 ukarudishwa tena. Walikuwa wamewatembelea wenzao kabla ya kuwapigania. Sisi hapa, ni lini mara ya mwisho tawi hili lilimwalika kuli wa Dar es Salaam? Tunamwona kuwa mshindani tu, na matajiri wa bandari wanapenda tumwone hivyo, kwani yeye akiambiwa Mombasa wanalipwa kidogo, na sisi tukiambiwa Dar wanalipwa kidogo, mshahara unashuka pande zote mbili.

Basi narudi kwenye barua. Karani anayo nakala, nami nimeisoma mara tatu. Nakubaliana na kutumwa kwake, lakini naomba ibadilishwe.

Imeandikwa kwa marais wa jirani. Mimi naomba nakala ya kwanza iende Nairobi, kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya na kwa Waziri wa Usalama, kwa kuwa mlango aliotolewa Besigye ulikuwa mlango wetu. Tuulize ni sheria gani iliyotumika, na ni nani aliyetoa amri. Nakala ya pili iende kwa wafanyakazi wenzetu wa bandari na reli wa Uganda na Tanzania, na kabla haijaenda kwa mtu mwingine tuwaulize kama itawasaidia au itawaponza, maana wao ndio watakaobaki pale. Wakisema neno fulani litawaletea taabu, tulitoe.

Katika mstari wa tatu pameandikwa "twalaani vikali". Neno hilo lifutwe. Kila chama duniani hulaani vikali. Badala yake yaandikwe majina ya waliokamatwa, tarehe na mahali, basi. Na kule mwisho, panaposema tutachukua "hatua nyingine", pafafanuliwe: kwamba mizigo ya wananchi wa Uganda na Tanzania tutaipakua usiku na mchana kama kawaida, lakini ikija siku silaha zinapitishwa hapa za kuwapigia watu waliotoka kudai kura yao, Halmashauri iitishe mkutano wa wanachama wote siku hiyo hiyo.

Anayetaka kutia sahihi atie, na asiyetaka asiulizwe sababu, wala mtu asimwandikie jina kwa niaba yake. Wako hapa walio na ndugu Entebbe na Moshi, na woga wao una haki yake.

Dakika zangu zimekwisha, na Katibu ameangalia saa mara mbili. Ndugu wa kreni nimemwona, amekaa karibu na mlango. Bwana Mwenyekiti, naomba yeye ndiye apewe nafasi ya kwanza ya kuuliza.